Kipimo Kisicho na Ndugu

Somoe anadai ukuta ulisema naye.

Anadai ilikuwa saa nne asubuhi, siku mji unapiga hatua, naye ameketi kizingitini na ungo mapajani anachambua mchele. Mji ulikuwa umeinama kidogo upande wa kusini, kama unavyoinama siku zote mguu mmoja ukiwa juu, kwa hiyo alikuwa ameegemeza mgongo ukutani ili mchele usimwagike. Ndipo bomba la sauti, lile linalopita nyumba zote na kuleta matangazo ya maji na ya misiba, likakohoa. Si honi, anasema. Kikohozi cha mtu. Halafu sauti ya mumewe, Mfaume, aliyekuwa mita sitini chini yake ndani ya kijumba cha mguu wa tano, ikasema maneno mawili.

"Sakafu haipo."

Basi. Hakumwita jina wala hakumuaga. Somoe anadai alimjibu, "Haipo vipi?" kama mke anayeambiwa chumvi haipo, na kabla hajafunga mdomo mchele wote ukaondoka kwenye ungo, ukaenda ukutani kana kwamba umeitwa.

Mji mzima wa Tegemeo, uliosimama juu ya bahari kwa miguu ya chuma, uliijua habari hiyo, na mji mzima ulikuwa na la kumjibu. Bomba la sauti linaanzia chumba cha nahodha, na kijumba cha mguu hakina njia ya kusema na nyumba za watu. Wengine walisema ni mshtuko tu, utamwishia. Ofisi ya Hatua yenyewe ilibandika karatasi sokoni: mteremsha mguu aliachia mguu kabla ya kusoma kina. Sakafu ilikuwa mita sitini na mbili, ramani inaonyesha. Mguu ulikwenda themanini na moja. Watu kumi na wanne walikufa, na aliyewaua, kwa karatasi ile, alikuwa Mfaume.

Maiti ya Mfaume haikupatikana. Ilipatikana kofia yake.

Zabibu aliisikia habari ya ukuta kila asubuhi kwa muda wa siku thelathini na tisa. Alikaa jirani, bati moja tu likiwatenganisha, na kwa kuwa Somoe alikuwa edani na hatoki, Zabibu ndiye aliyemjazia maji kabla ya kwenda kazini. Alitua ndoo, akaketi kidogo, akasikiliza. Hakumbishia, wala hakumwambia "ni kweli". Aliuliza vitu vidogo vidogo.

"Alikuwa anahema?"

"Hahemi. Alisema kama mtu aliyefungua kabati akakuta tupu."

Zabibu akatazama chini. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minne, darasa la saba la shule ya kambi ya waliokimbia chumvi ya bahari, mpole wa kusema na mwepesi wa kuona. Jambo ambalo hakuwa amelisema kwa siku thelathini na tisa ni kwamba alimwamini Somoe, na alikuwa na sababu.

*

Siku ya arobaini, saa kumi na mbili asubuhi, aliingia chumba cha sinia, kazini kwake, kama kawaida. Nyumbani kwa Somoe walikuwa wameanza kuosha masufuria ya hitima. Na mji ulikuwa upige hatua tena siku hiyohiyo, saa nne. Hakuna aliyepanga vitu hivyo viwili vikutane. Ni mkondo uliopanga. Mkondo huchimba mchanga kuzunguka mguu, na mguu ukikaa mahali pamoja zaidi ya siku arobaini na mbili unajikuta umesimama juu ya shimo ulilochimbiwa. Kwa hiyo Tegemeo, na watu wake elfu tatu na miguu yake minane, hutembea.

Lakini inatembea kipofu. Hakuna jicho lililoiona ile sakafu. Mashua za kupima hupita mbele ya mji zikipiga sauti chini na kusikiliza mwangwi, ila mashua ni mbili tu na bahari ni pana, na kati ya mstari mmoja wa vipimo na mwingine kuna mita mia mbili ambazo hakuna anayezijua. Hapo ndipo inapoingia mashine waliyoiita Msawazishaji. Kwa kila kiwanja cha bahari hupewa namba tatu. Ya kwanza ni wastani wa kina. Ya pili ni mtawanyiko, yaani vipimo vinapishana na wastani kwa kiasi gani. Ya tatu wanawake wa chumba cha sinia waliiita umbali wa undugu: ukitoka kwenye kipimo kimoja, unaweza kwenda mbali kiasi gani na bado ukakuta kipimo kinachofanana nacho. Kwa namba hizo tatu Msawazishaji huchora sakafu yote, hata pasipopimwa, kama fundi aliyepewa kiuno, kifua na urefu akashona gauni bila kumwona mwenye mwili.

Na kila kipimo kilichoingia humo kilipita kwanza chini ya kidole cha mwanamke. Vilikuja juu ya sinia la kioo, nukta nyeupe maelfu, na palipo na nukta isiyofanana na ndugu zake, iliyowapita kwa mara tatu ya mtawanyiko, iligeuka nyekundu. Hiyo iliitwa yatima. Huenda ni kundi la samaki lililopita chini ya mashua. Huenda ni mapovu. Huenda ni kweli. Mwanamke huitazama, akiona ni uongo huisukuma kwa kidole mpaka ukingoni, ikaanguka jaani. Mwisho wa zamu aliyefagia huweka kidole gumba, na anayempokea naye huweka chake kuthibitisha. Wenye vyuo hawakuitaka kazi ile. Ofisi ilitangaza inataka watu wanaojua kuchambua mchele.

"Zabibu, umelala na sinia?" aliita Asumini kutoka meza ya pili. Asumini alikuwa mwenzake wa zamu, mcheshi, mdomo haufungi. "Mbona unalitazama kama mume aliyechelewa kurudi?"

"Naangalia wekundu."

"Wafagie. Ukiwatazama sana wanazoea."

Wanawake wakacheka. Zabibu hakucheka. Alitoa daftari lake kwenye pindo la kanga.

Daftari hilo halikuwa la ofisi. Alikuwa akiandika humo, kila zamu, mayatima wangapi, vijistari vinne na kimoja cha kukata. Mwaka wa kwanza walikuwa kumi, kumi na mmoja. Mwaka huu arobaini. Na ukutani mwa chumba, kila mwezi, Bwana Chilumba, mkuu wao, alibandika namba ya mparuzo wa sakafu, yaani jinsi ilivyo na mabonde na vilima, na namba ile ilikuwa inashuka, na kila ikishuka ofisi ililetewa soda. Sakafu inazidi kuwa laini na mayatima wanazidi kuongezeka. Zabibu alilala na swali hilo miezi mingi. Jibu lilimjia akiwa anachagua dagaa. Ukitupa wasiofanana, waliobaki wanafanana zaidi. Mtawanyiko unapungua. Mara tatu ya kilichopungua ni kidogo kuliko mara tatu ya jana. Basi aliyekuwa ndugu jana leo ni yatima, anatupwa, na ungo unazidi kuwa mwembamba.

Lakini hilo peke yake lisingeua mtu. Kilichoua ni adabu.

Ilikuwa hivi. Kanuni ya ofisi ilisema yatima mwenye shaka aachwe siniani, zamu inayofuata imtazame kwa macho mapya. Wanawake hawakuifuata. Walikuwa wametoka kambini, kwenye majiko ya watu thelathini, ambako kumwachia mwenzio sufuria lenye ukoko ni kumtukana. Kwa hiyo kengele ya zamu ikikaribia kila mmoja alifagia wekundu wote waliobaki, wenye shaka na wasio na shaka, ili anayeingia akute sinia jeupe. Waliita kumfagilia mwenzio. Aliyeingia naye, kwa shukrani, hakuchungulia jaa. Kuchungulia ni kumwambia mwenzio hukumwamini. Aliweka kidole akaanza kazi. Hakuna bosi aliyewafundisha. Walijivunia.

Saa tatu na nusu Bwana Chilumba akaingia na karatasi ya mpango, ambayo hubandikwa asubuhi ya hatua yenyewe baada ya mkondo kusomwa. Mguu wa kwanza kuinuliwa leo ni wa tatu. Utateremshwa kiwanja M-40. Kina mita sitini na tatu. Mparuzo mdogo.

Zabibu aliisoma mara mbili. Kisha akafungua daftari, ukurasa alioufungua wiki ya kwanza ya msiba akaufunga upesi.

Kulikuwa na mistari miwili aliyoiandika kwa penseli siku chache kabla Mfaume hajafa. *L-39, themanini na moja. M-40, themanini na nne. Kuuliza.*

*

Ile siku ya kuandika aliikumbuka yote. Ilikuwa siku ya jino. Somoe, ambaye ndiye aliyekuwa akimpokea zamu, alikuja shavu limevimba kama andazi, taya limefungwa kwa kanga, machozi yanamtoka. Kwenye sinia kulikuwa na wekundu ishirini na mbili. Zabibu alikuwa amewaona wawili walioingia kina zaidi ya ndugu zao, wakamkera. Samaki huurudisha mwangwi mapema. Samaki hufanya bahari ionekane fupi, hawaifanyi ndefu. Mwangwi wa pili, ule unaogonga chini na juu na chini tena, huleta kina mara mbili, na themanini na moja si mara mbili ya sitini na mbili. Kwa hiyo walikuwa nini? Akawaandika ili aulize kesho. Kisha akamtazama Somoe, akafagia wote ishirini na wawili.

"Nimekufagilia lote," alimwambia. "Weka kidole ukae, usisumbue macho."

"Mungu akuweke, Zabibu," Somoe alisema kwa mdomo nusu, akaweka kidole akiwa amefumba macho.

Kesho yake kulikuwa na wekundu wengine, na swali likakaa kwenye daftari.

*

Bwana Chilumba alikuwa mtu wa haki, hilo hakuna aliyemnyima. Alikuwa mwalimu wa hesabu huko Masasi kabla ya chumvi kufika mashambani. Alimsikiliza Zabibu amesimama, kikombe cha chai mkononi, bila kumkatisha.

"Binti yangu," alisema mwisho, "M-40 ina vipimo elfu moja na mia mbili vinavyosema sitini na tatu. Wewe una kimoja."

"L-39 pia nilikuwa na kimoja, mwalimu."

Alilitazama daftari. Chini, kwa mbali, mafundi walianza kupaka minyororo grisi. Ilisikika kama mtu anayeguguna mfupa.

"Hayo yatakuwa mashimo ya gesi," alisema taratibu. "Membamba. Mstari mmoja wa mashua unapita juu ya shimo, mwingine haulioni. Kwenye namba zetu shimo kama hilo haliwezi kuwepo. Umbali wa undugu hauliruhusu." Alilitazama daftari tena. "Wachunguzi walisoma ramani. Hawakusoma jaa. Bado lipo?"

"Jaa la kila hatua huwekwa mpaka hatua inayofuata. Leo mguu ukiinuka linamwagwa."

"Saa nne, basi." Akatua kikombe. "Na jaa la zamu hufungwa kwa vidole viwili, hufunguliwa kwa vidole vilevile. Cha kwanza ni chako. Cha pili ni cha nani?"

Zabibu alitazama mlango.

"Cha Somoe."

"Somoe yupi?" Kisha akaelewa, akakaa kwenye kiti. "Yule wa Mfaume?"

"Ndiye."

"Anajua?"

"Hajui. Tangu msiba hajafika kazini."

Bwana Chilumba alijipangusa uso kwa kiganja. Ungedhani ni yeye aliyekuwa na jino.

"Simamisha mji, mwalimu," Zabibu alisema. "Daftari hili hapa."

"Kwa daftari la vijistari? Mguu wa saba umebakiza siku mbili, Zabibu. Umechimbwa tayari, nimeuona mimi. Nikichelewesha hatua kwa neno la mchambuaji mmoja, ukazama wa saba, hao nao nimewaua. Nahodha hatanisikia, na mimi katika nafasi yake nisingejisikiliza." Alisimama, akalichomoa sinia dogo la mkononi kwenye chaji, akampa. "Niletee vidole viwili. Jaa likifunguka, vipimo vinarudi kwa ndugu zao, ramani inajichora upya mbele ya macho ya kila mtu. Hapo nasimamisha mwenyewe, na asitokee wa kunibishia."

Zabibu alilishika. Lilikuwa la baridi, uzito wa sahani ya chakula.

"Na sikiliza," Bwana Chilumba alisema kwa sauti ya chini, hamtazami usoni. "Si lazima asome. Kidole ni kidole. Yule mama ana msiba wa kutosha."

*

Juu ya mguu wa tatu kulikuwa na shule na zahanati na safu mbili za nyumba. Zabibu alipita katikati yake kwa sababu ndiyo njia. Watoto walikuwa wanaimba jedwali la saba. Alitembea haraka, sinia amelifunika kwa upande wa kanga, na kichwani neno moja lilikuwa linazunguka: si lazima asome. Si lazima. Alikuwa amemwona Somoe akiweka kidole mara mia nne, na mara zote mia nne alikuwa anamwangalia yeye, Zabibu, usoni, akimhadithia jambo. Angekiweka leo vivyohivyo. Mfaume angesafishwa jina, shule ingebaki juu ya maji, na ule mstari wa mwisho, wenye majina mawili, ungekaa kwenye makabati ya ofisi ambako mjane hafiki.

Mlangoni alikaa Bi Kidawa, shangazi wa Somoe, aliyetoka mwisho wa mji kuja kumlindia eda yake. Alikuwa anapepeta mchele wa hitima.

"Shikamoo, bi."

"Marahaba. Hicho ni nini umekifunika kama mtoto?"

"Sinia, bi. La kazini. Nataka kidole cha Somoe, dakika moja."

"Dakika!" Bi Kidawa aliuacha ungo. "Mtu yuko eda, leo arobaini ya mumewe, nyinyi mnamletea kazi mpaka chumbani? Watu wa sinia nyinyi! Hata maiti mtamwomba kidole!"

"Mwache aingie, shangazi," sauti ilisema kutoka ndani. "Huyo si wa ofisini. Huyo ni Zabibu."

Chumba kilikuwa safi, kitanda kimetandikwa, kofia ya Mfaume juu ya mto. Somoe alikuwa ameketi kwenye mkeka, kanga nyeupe, mikono imejaa unga kwa sababu walimkataza kupika na hakukatazika. Alikuwa amekonda. Bomba la sauti lilipita ukutani juu ya kichwa chake, na mahali hapo palikuwa pamefutwa vumbi kuliko kwingine.

"Umerudi mapema. Wamekufukuza?"

"Bado."

"Basi leo usiondoke mpaka ule. Mchele wa leo nimeuchambua mwenyewe, jiwe hata moja hulikuti." Akaliona sinia. "Hee! Wamenikumbuka? Nilidhani ofisini wamenizika pamoja naye." Akajipangusa mkono kwenye kanga, akanyoosha kidole gumba. "Wapi? Hapa?"

Zabibu alikifunua kioo. Duara la kijani la kuwekea kidole lilikuwa linawaka, na kidole cha Somoe kilikuwa shubiri moja kutoka pale, cheupe kwa unga. Somoe alikuwa anamwangalia usoni. Kama siku zote.

Honi ya kwanza ikalia. Huwa ni tatu: ya kwanza watu washike vitu vyao, ya pili minyororo ivutwe, ya tatu mguu uinuke. Honi ile hugonga kwenye mifupa ya mji, unaisikia miguuni kabla ya masikioni. Somoe alikunja uso akaisubiri iishe. Kidole hakukirudisha.

Zabibu akalivuta sinia nyuma.

"Soma kwanza," alisema.

"Tangu lini tunasoma?"

"Leo."

Somoe alicheka kidogo, cheko la zamani la kazini, akalichukua sinia akaliegemeza gotini. Alisoma kama alivyosoma kila kitu, midomo inatembea. Zamu. Tarehe. Kiwanja L-39.

Midomo ikasimama.

"Themanini na moja," alisema. "Zabibu. Hapa pameandikwa themanini na moja."

"Ndiyo."

"Mguu ulikwenda themanini na moja."

"Ndiyo."

"Basi shimo lilikuwepo!" Alipiga paja kwa kiganja, unga ukaruka. "Lilikuwepo! Lilipimwa! Alisoma kina, akakuta sakafu haipo, akaniambia, na mimi nikawaambia, wakasema mjane ana kiwewe! Shangazi! Njoo usikie! Lilipimwa, shangazi, Mfaume hakuachia mguu!" Uso wake ulikuwa umefunguka wote, miaka kumi imemtoka, na Zabibu akaona huu ndio uso aliokuwa akiutaka kwa siku arobaini, na kwamba ungedumu kwa muda wa jicho kushuka mstari mmoja. "Mwana haramu gani alikitupa? Nani? Nitajie, nimtoe..."

Jicho likashuka.

*Kilifagiwa: Zabibu binti Nassoro. Kilithibitishwa: Somoe binti Mnali.*

Nje Bi Kidawa aliuliza, "Kumetokea nini?"

Somoe alisoma tarehe tena. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka shavuni, upande wa kushoto, ambako jino lilikuwa limeshang'olewa.

"Hii ni siku ya jino," alisema.

"Ndiyo. Nilifagia mimi. Nilikiona, nikakiandika, nikafagia, kwa sababu ulikuwa unaumwa. Wewe hukutazama. Nilikuambia usitazame."

"Sikutazama."

"Hapana."

"Nilifumba macho." Alisema taratibu, kama anayemhadithia mtu mwingine. "Kidole changu hiki."

Zabibu alipiga magoti mbele yake. Alikuwa amepanga maneno njiani na yote yalikuwa yamemtoka, akasema yaliyobaki. "Kuna kingine. Angalia chini yake. M-40, themanini na nne. Leo mguu wa tatu unakwenda M-40, Somoe, sasa hivi, na ramani inasema sitini na tatu. Wewe na mimi tukiweka vidole jaa linafunguka na Bwana Chilumba anasimamisha mji. Ameahidi. Kidole changu nimeshaweka. Honi ya tatu ikilia kabla ya chako, jaa linamwagwa na hakuna tena kipimo, wala hiki wala kile cha Mfaume. Juu ya mguu wa tatu kuna shule."

Somoe hakuwa akiliangalia sinia. Alikuwa akimwangalia yeye.

"Ulijua lini?"

"Wiki ya kwanza."

"Wiki ya kwanza." Alitikisa kichwa, si kwa hasira, kama anayepima uzito wa kitu. "Na kila asubuhi ukaniletea maji. Ukakaa hapo ulipokaa. Ukaniuliza kama alikuwa anahema."

"Ndiyo."

"Ungeweza kuniacha nikiweke bila kusoma."

"Ningeweza."

"Ingekuwa bora?"

Hilo Zabibu hakulijua.

Honi ya pili ikalia. Chini kabisa, minyororo ya mguu wa tatu ikakaza, na mji mzima ukatetemeka kama mnyama anayeamka. Maji kwenye ndoo aliyoyaleta asubuhi yalianza kucheza, duara ndani ya duara, kisha yakaanza kupanda ukingo mmoja. Kofia ikateleza kwenye mto. Mlangoni Bi Kidawa alishika ungo wake kwa mikono miwili, akasema, "Bismillahi."

Somoe alikuwa amekunja ngumi. Kidole gumba kilikuwa ndani yake, kimefunikwa na vidole vingine vinne.

"Ukikiweka," Zabibu alisema, "watajua alisema kweli. Watu wote. Watakibandua kile kikaratasi sokoni."

"Na kingine watabandika."

"Majina mawili. Langu litakuwa la kwanza."

Kutoka upande wa shule sauti za watoto zilikuwa zimeacha kuimba, zinahesabu kwa kelele, kama wanavyohesabu siku zote wakisubiri honi ya tatu, wakishindana nani atapatia. Thelathini na moja. Thelathini na mbili.

Zabibu alilisukuma sinia juu ya mkeka mpaka likagusa goti la Somoe. Duara la kijani lilikuwa bado linawaka.

"Somoe," alisema. "Dada yangu. Weka kidole."

Somoe alikuwa amegeuza uso, ametazama juu, kwenye bomba la sauti ukutani, kama mtu anayesubiri mwingine aanze kusema.